Bandama Lililohama Lindo Lake

Katika kambi yoyote ile, askari aliyepangiwa lindo haliachi mpaka mwenzake aje kumpokea. Usiku unaweza kuwa shwari na adui asionekane, lakini yeye hana ruhusa ya kujiendea atakako. Mwili wa mwanadamu nao umepangwa kwa nidhamu hiyo hiyo. Moyo una lindo lake, ini lina lake, kongosho lina lake. Na upande wa kushoto, chini ya ubavu wa tisa hadi wa kumi na moja, nyuma ya tumbo la chakula, yupo mlinzi mnyamavu ambaye watu wengi hawamjui hata kwa jina. Mlinzi huyo ni bandama, ambalo wengine huliita wengu.

Nyumbani moyo husifiwa na nyongo hulaumiwa, lakini bandama halitajwi ila siku ya kuchinja. Hata hivyo kazi yake ni kubwa. Bandama la mtu mzima mwenye afya lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na uzito wa gramu zipatazo 150. Damu hupita humo ikachujwa. Chembe nyekundu zilizochakaa huondolewa, vijidudu vinavyojipenyeza katika damu hukamatwa, na mwili hupewa habari ya adui ili uandae kinga. Mtu mzima wa afya hawezi kuligusa bandama lake kwa mkono, kwa kuwa mbavu zimelifunika kama boma.

Bandama hukaa mahali pake kwa sababu limeshikwa na kano. Kano moja hulifunga kwenye tumbo la chakula, nyingine hulifunga upande wa figo, na ngozi laini ya ndani ya tumbo husaidia kulituliza. Wapo watu wachache ambao kano hizo hazikuumbika sawasawa tangu tumboni mwa mama zao. Wapo wengine ambao kano zao zililegea baadaye. Hapo bandama hubaki likining'inia kwenye mishipa yake ya damu peke yake, mfano wa embe kwenye kikonyo kirefu. Mtu akilala linakwenda huku, akisimama linashuka kule. Laweza kuteremka hadi kwenye kitovu, na pengine hadi ndani ya nyonga, jirani na kibofu na tumbo la uzazi. Madaktari waliosoma kwa Kifaransa, kama walivyo wengi wa Burundi, hulipa jina lenye maana ya bandama linalotembea.

Maradhi haya ni haba. Katika mabandama yote yanayoondolewa kwa upasuaji, yaliyohama hayafiki hata moja katika 200. Lakini uhaba huo ndio unaoyafanya yawe ya hatari, maana asiyetarajiwa hafunguliwi mlango. Huwapata watoto, na kwa watu wazima huwapata zaidi wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 40. Inadhaniwa kwamba uzazi una sehemu yake: mimba hulegeza kano za mwili, na kuzaa mara kwa mara hulegeza misuli ya tumbo. Bandama lililovimba nalo huzivuta kano kwa uzito wake.

Kwa wakazi wa Bujumbura jambo hili la kuvimba halihitaji maelezo marefu. Mji huu, ambao hadi uhuru wa mwaka 1962 uliitwa Usumbura, umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye uwanda wa joto wa Imbo ambako mbu hawana likizo. Kaskazini yake bonde la Rusizi limelimwa mpunga na pamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulizilinganisha sehemu hizo mbili na kukuta kwamba malaria imekithiri zaidi kwenye mpunga, kwa kuwa maji yaliyotuama ndiyo chekechea ya mbu. Mwezi Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba malaria imefikia kiwango cha mlipuko. Na kila homa ya malaria hulitwisha bandama mzigo, kwa sababu ndilo linalochuja chembe za damu zilizoharibiwa na vimelea. Likifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, hukua.

Uhusiano huo ni wa karibu mno hata ukafanywa kipimo. Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala, chini ya Shirika la Afya Duniani, wakakubaliana kupima ukali wa malaria wa kila eneo kwa kuwapapasa watoto matumbo. Mahali ambapo watoto wenye bandama lililovimba hawazidi 10 katika 100, malaria ilihesabiwa kuwa ndogo. Mahali ambapo wanazidi 75 katika 100 nyakati zote, malaria ilihesabiwa kuwa imetawala. Bandama, mlinzi asiyejulikana, likawa shahidi wa afya ya nchi nzima.

Ni kweli kwamba malaria peke yake hailihamishi bandama. Maelfu kwa maelfu wana bandama kubwa ambalo halijatoka mahali pake. Lakini mtu aliyezaliwa na kano dhaifu, akaishi uwandani na homa zake, akazaa watoto watatu au wanne, ana sababu tatu zilizokutana katika mwili mmoja.

Na ichukuliwe nyumba moja, ya mfano tu, lakini isiyo ngeni kwa familia za askari. Tangu Desemba 2007 majeshi ya Burundi yalianza kwenda Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na kwa miaka mingi iliyofuata zilikuwako nyumba nyingi Bujumbura ambamo baba alikuwa Mogadishu na mama alikuwa peke yake na watoto. Katika nyumba hii ya mfano, mume ni koplo, ameondoka mwezi wa saba. Mke ana miaka 28 na watoto watatu, naye anaishi Buyenzi pamoja na mama mkwe wake. Mwezi wa kumi na mbili anagundua uvimbe chini ya kitovu. Hauna maumivu makubwa. Akiwa amesimama unaonekana. Akilala chali na kuusukuma kwa mkono, unapanda kuelekea mbavu za kushoto na kupotea.

Mwanamke wa kawaida, mume wake akiwa nyumbani, angemwambia jirani. Huyu hakumwambia mtu. Alijua kwamba katika mtaa ambao nyumba zimeegemeana, tumbo la mke wa askari aliye mbali halihesabiwi kwa macho bali kwa vidole: mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Basi akawa anajifunga kitenge kwa kukaza, na akaacha kwenda kuteka maji wakati ambapo wenzake wamejaa bombani. Maumivu yalipokuja, yalikuja na kuondoka. Alikunywa dawa ya minyoo, kisha dawa ya malaria, kisha majani aliyopewa na bibi mmoja aliyekuwa na sifa. Kila maumivu yalipokwisha aliamini kwamba dawa ya mwisho ndiyo iliyomponya.

Kumbe maumivu yale yalikuwa na maana. Bandama linaloning'inia huweza kuzunguka juu ya kikonyo chake. Likizunguka kidogo, mshipa unaorudisha damu hubanwa, bandama huvimba na kuuma. Likijizungusha kinyume, damu hupita tena na maumivu hutulia. Mgonjwa huenda hivyo kwa majuma, pengine kwa miaka. Lakini ipo siku kikonyo hujisokota mara mbili au tatu kama kamba ya ndoo kisimani, wala hakijifungui. Damu haiingii wala haitoki. Kiungo kilichokuwa kikijaa damu kuliko vingine huanza kufa.

Mama mkwe hakuwa kipofu. Jioni moja watoto walipokuwa nje alimwuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, tumbo hili lina miezi mingapi?"

"Mama, hili si tumbo la mtoto."

"Basi ni la nini?"

Mke hakuwa na jibu, na katika kukosa jibu kulikuwa na aibu ya mwenye hatia ingawa hatia haikuwako. Tangu siku hiyo wawili hao walikula chungu kimoja bila maneno. Siku ya nne usiku, maumivu yalikuja yakakataa kuondoka. Mke alitapika mpaka hakubaki na kitu, jasho likamtoka, na tumbo likawa gumu kama ubao. Mama mkwe, pamoja na dukuduku lake lote, hakungoja asubuhi. Alimwita jirani mwenye gari.

Katika hospitali, mashaka ya kwanza ya madaktari huwa yale yale ya majirani, ila kwa nia tofauti. Mwanamke kijana mwenye uvimbe na maumivu chini ya kitovu huenda ana mimba iliyotunga nje ya mfuko, au uvimbe wa kifuko cha mayai uliojisokota, au kidole tumbo kilichopasuka. Hayo yote ni mengi kuliko bandama lililohama, na yote hutaka haraka. Ndiyo maana mkojo wake hupimwa kwanza. Mimba haikuwako. Kisha huja mashine ya picha za mawimbi ya sauti, ile ile wanayopimiwa wajawazito. Daktari mwangalifu haangalii mahali penye uvimbe tu. Hupandisha mkono wake hadi chini ya mbavu za kushoto na kutazama kama mwenye nyumba yumo. Akikuta nafasi tupu, na chini nyongani akaona kiungo chenye umbo la bandama, jawabu limepatikana. Mashine ikiwa na uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu, humwambia pia kama damu ingali inapita.

Daktari wa mfano huu alifanya jambo moja lisiloandikwa katika vitabu vya upasuaji. Alimwita mama mkwe ndani, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine mahali palipo tupu na mahali palipojaa, akamwambia: "Mama, hapa hamna mtoto. Hili ni bandama la mkweo, limeanguka kutoka mahali pake." Mwanamke yule mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha alivua kitenge alichojitanda mabegani, akamfunika mkwe wake miguuni, akakaa chini kando ya kitanda.

Matibabu ya bandama lililohama ni upasuaji. Hakuna kidonge wala mkanda wa kulirudisha. Historia yake ina mafunzo. Daktari wa Kiholanzi, van Horne, alilieleza bandama la namna hii tangu mwaka 1667, baada ya kuipasua maiti. Wapasuaji wa karne ya 19 walipoanza kulitibu, walikuwa wakilikata na kulitupa, kwa imani kwamba ni kiungo cha ziada. Mwaka 1895 mpasuaji wa Kipolandi, Ludwik Rydygier, alionyesha njia nyingine: kulirudisha chini ya mbavu na kulitengenezea mfuko kwa ngozi ya ndani ya tumbo ili lisitoke tena. Wengi waliendelea kulikata. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walieleza habari za watoto wachanga 5 walioondolewa bandama kisha wakapatwa na maambukizi makali ya vijidudu. Ndipo ulimwengu wa tiba ulipoanza kukubali kwamba mlinzi huyu hakuwa akikaa bure.

Kwa hiyo siku hizi swali la kwanza la mpasuaji si namna ya kuliondoa, bali kama linaweza kuokolewa. Mgonjwa hupewa nusukaputi, tumbo hufunguliwa, na kikonyo kilichojisokota hufunguliwa taratibu. Hapo mpasuaji hungoja na kutazama rangi. Bandama lililo hai, lililokuwa la zambarau, huanza kurudi katika wekundu wake. Likirudi, hupandishwa mahali pake na kushikizwa. Wengine hulishona katika mfuko wa ngozi ya tumbo, wengine hulivika wavu wa nyuzi zinazoyeyuka mwilini na kuufunga wavu huo ukutani. Katika hospitali zenye vyombo, kazi yote hufanywa kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera. Lakini bandama likibaki jeusi baada ya kikonyo kufunguliwa, limekufa, na kuliacha ndani ni kumwachia mgonjwa sumu. Mishipa yake hufungwa kwa uzi na lenyewe huondolewa.

Katika nyumba ya mfano, bandama lilikuwa limekwisha kuwa jeusi. Majuma yale ya kukaza kitenge yalikuwa yamegharimu kiungo kizima. Mke alipona; siku ya tatu alikaa kitandani akanywa uji. Mume alipopiga simu kutoka Mogadishu, aliyeipokea ni mama yake, naye hakumwacha aulize maswali mengi. Alisema: "Mkeo aliugua akanyamaza kwa ajili ya heshima yako. Sasa wewe mshukuru Mungu, kisha uulize namna ya kumtunza."

Namna ya kumtunza ndiyo sehemu inayosahaulika mara nyingi. Kidonda kikipona, watu hudhani maradhi yamekwisha. Mtu asiye na bandama huonekana mzima, hulima, hubeba mzigo, huzaa, na askari aliyeondolewa bandama huweza kuishi miaka mingi. Lakini lindo lake ni tupu. Vijidudu vya aina ya numokoka, vinavyoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo, huweza kumwangusha kwa muda wa saa chache tu. Malaria nayo humshambulia kwa ukali zaidi.

Yapo mambo manne ambayo familia ya mtu huyo haina budi kuyajua. La kwanza ni chanjo dhidi ya numokoka, dhidi ya vijidudu vya meningokoka na dhidi ya kijidudu cha Hib. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, hutolewa angalau siku 14 kabla. Ukiwa wa dharura, aghalabu hungojwa siku 14 baadaye, na hapo ndipo wengi hupotea kwa kutorudi hospitali. La pili ni chandarua kila usiku bila kukosa, na kuuliza daktari habari ya dawa za kuzuia malaria. La tatu ni dawa za kuua vijidudu, ambazo watoto hasa, na watu wazima katika miaka ya kwanza, huagizwa kuzitumia. La nne, nalo ni kubwa kupita yote: homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, wala si ya kulalia. Mtu huyo na atembee na karatasi mfukoni yenye kusema kwamba hana bandama, ili hata akikutwa amezimia barabarani, mganga ajue.

Liko neno moja la mwisho linalowahusu hasa wanaovaa sare. Bandama lililovimba kwa malaria hutoka chini ya mbavu likakosa boma lake, na lililohama halina boma kabisa. Pigo ambalo mwenye afya angelistahimili, teke moja au kitako cha bunduki, huweza kulipasua likamwaga damu tumboni bila jeraha lolote kuonekana nje. Huko Agra, India, mwanasheria mmoja wa Kiingereza alimpiga mtunza farasi wake, naye akafa kwa kupasuka bandama. Mahakama ilimtoza faini ya rupia 30. Mwaka 1876 Gavana Mkuu Lytton mwenyewe aliilaumu hukumu hiyo hadharani. Hoja iliyotumiwa zama zile, kwamba aliyekufa alikuwa na bandama bovu, haikumrudisha marehemu wala haikumsafisha mpigaji. Mwenye nguvu mkononi hawezi kuona kilicho ndani ya tumbo la mwenzake. Kwa hiyo polisi aliyemkamata mtu na akamwona amejishika ubavu wa kushoto, uso umebadilika na jasho la baridi linamtoka, asidhani kwamba ni ujanja, ampeleke hospitali.

Na katika nyumba, uvimbe wa tumboni usihesabiwe kwa vidole. Mkwe asiogope kusema, na mama mkwe asianze kwa kuuliza ni wa nani. Bujumbura ina hospitali. Hospitali kuu ya chuo kikuu iko Kamenge, na ya kijeshi iko huko huko. Picha ya mawimbi ya sauti humalizika kabla chungu cha maharage hakijaiva. Bandama lililoonwa mapema hurudishwa mahali pake likiwa hai, na mwenye nalo akaendelea kulindwa asijue hata anayemlinda.